Maji Hayakuchemka: Uzoefu Wangu wa Chai ya Alasiri Huko Devon

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na msomaji anivumilie, kwa sababu jambo lililonikera ni dogo sana ukilitaja kwa mdomo: maji ya chai hayakuchemka. Ukimsimulia mtu ambaye hakuwepo, atakuuliza kama ni hilo tu. Ndiyo, ni hilo tu. Lakini mtu anayelipa pauni 32 kwa kitu kinachoitwa chai ya alasiri, tena katika nchi inayojivunia chai kama Uingereza, ana haki ya kutarajia kwamba kati ya vyote vitakavyowekwa mezani, chai yenyewe ndiyo itakayokuwa sawasawa.

Hoteli siitaji jina. Iko Devon, si mbali na mji wa Exeter, katika jengo la mawe la zamani. Chini kuna pabu, yaani ile baa ya Kiingereza inayouza pia chakula, yenye dari la chini na meko ya kuni. Juu kuna ukumbi wa chai wenye vitambaa vyeupe na madirisha yanayotazama bustani. Jiko ni moja na mwenye nyumba ni mmoja. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo linalonifanya nishindwe mpaka leo kuamua kama niwalaumu au niwasifu.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Tanga kumwona mjukuu wake. Mume wangu alikuwa na zamu ya mwisho wa wiki, kwa hiyo Jumapili moja, wiki chache baada ya Idi, nilimwachia shoga yangu mtoto nikamchukua Mama tukatoka sisi wawili. Naomba ieleweke kwamba mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji, na mgeni wangu alikuwa mkwe. Ieleweke pia kwamba Mama aliuza chai na vitumbua Ngamiani kwa miaka mingi, akiwasha jiko kabla ya adhana ya alfajiri, na kwamba mtu aliyesomesha watoto kwa birika hahitaji kufunua kifuniko ili ajue maji yamechemka, huyasikia tu.

Njiani nilimweleza kwamba desturi hii huhusishwa na bibi mmoja wa tabaka la juu, Anna wa Bedford, ambaye kiasi cha mwaka 1840 alikuwa akishikwa na njaa alasiri, kwa kuwa chakula cha usiku kilichelewa sana kuandaliwa, akawa anaagiza chai na mkate chumbani kwake, halafu akaanza kuwaalika na mashoga zake. Mama alifikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo wapishi walikuwa wavivu." Tukacheka mpaka tukafika.

Nilipoweka nafasi niliomba pasiwe na nyama ya nguruwe, pombe wala jelatini, ile ya kugandisha vitamu ambayo hutolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, na kwa hilo nawashukuru, kwani walizingatia kila neno. Kililetwa kinara cha sahani tatu zilizopandana kama ghorofa: chini mikate iliyokatwa vipande vyembamba na kutiwa matango, mayai na samaki, katikati skoni, yaani vimkate vidogo vinene vya kuoka, juu keki ndogo ndogo, na desturi ni kula kwa kupanda, kuanzia chini. Mama alikitazama kile kinara kwa furaha ya kitoto ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. Kisha likaletwa buli.

Lilikuwa buli zuri la kauri lenye maua ya buluu. Mama hakulifunua. Aliweka kiganja kizima kwenye tumbo la buli, akakiacha pale, akanitazama. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka kumi na bado kiganja kilikuwa pale pale, jambo ambalo haliwezekani kwa buli lenye chai inayostahili kuitwa chai. Nilipofungua kifuniko niliona vijifuko viwili vya majani vikielea juu ya maji, vimefura upande mmoja, na kuzunguka kila kimoja wingu hafifu la rangi ya udongo ambalo halikuwa na nia ya kushuka. Nilimimina. Ilitoka rangi ya maji yaliyosuuzia sufuria. Tulipotia maziwa, ambayo yalikuwa yametoka kwenye jokofu wakati huo huo, kikombe kikawa cha vuguvugu, na baada ya hapo hata vuguvugu likatoweka.

Kwa wasiojua, chai nyeusi haisamehe katika hili. Majani yake yanataka maji yanayotokota, na buli linatakiwa kusuuzwa kwanza kwa maji moto ili lisiyanyonye joto. Hayo si masharti ya Ngamiani. Bibi wa Kiingereza aliyekuwa jirani yangu nilipofika nchi hii ndiye aliyenifundisha kupasha buli, na alinifundisha kwa ukali.

Nilimwita mhudumu, mwanamume wa umri wangu aliyevaa tai, ambaye dakika chache kabla alikuwa akitaniana na meza ya pili kwa uchangamfu. Nilimwomba kwa adabu atuletee buli jingine lenye maji yaliyochemka. Hakunijibu mimi. Aliinama kumwelekea Mama, akapaza sauti na kuyatenganisha maneno moja moja, kama anayesema na kiziwi, akatueleza kwamba hii ndiyo chai halisi ya Kiingereza na kwamba pengine sisi hatujaizoea.

Hatujaizoea! Mama amezaliwa Muheza, na milima ya Usambara inayoonekana kutoka huko ina mashamba ya chai tangu enzi za wakoloni. Majani yanayojaza vijifuko vya Waingereza hutoka Kenya kuliko nchi nyingine yoyote. Yote hayo yalinijia kichwani kwa mkupuo, na hakuna hata moja lililotoka mdomoni kwa Kiingereza kilichonyooka, kwa sababu hasira ikipanda Kiingereza changu hushuka. Nilichoweza kusema ni kwamba maji hayakuchemka. Alilichukua buli, akarudi nalo baada ya dakika mbili, lile lile, limeongezwa maji kutoka pale pale, na sasa hata ile rangi ya udongo ilikuwa imekimbia. Nilipomwuliza, alisema maji hutoka kwenye mashine na mashine imewekwa hivyo.

"Mwache, mwanangu," Mama akasema. "Hajui kazi."

Hapa lazima niwe mkweli, ingawa ukweli huu unaipunguza nguvu hasira yangu. Nilikuwa nimeshaamua kwamba tumefanyiwa vile kwa sababu ya mtandio wa Mama na rangi zetu. Kisha bibi mmoja wa meza ya jirani, Mwingereza mwenye mvi, aliniinamia na kuninong'oneza kwamba chai yao pia ilikuwa ya baridi, ila hawakupenda kusumbua watu. Alisema hivyo akiendelea kuinywa. Kwa hiyo maji yale hayakuwa ya kwetu peke yetu. Ukumbi mzima ulikuwa ukinywa maji ya vuguvugu kwa heshima na taadhima. Hata hivyo yale maneno, na ile sauti ya kumsemea kiziwi, vilikuwa vyetu peke yetu. Hilo silisamehe.

Skoni nazo, sitadanganya, zilikuwa bora kuliko zote nilizowahi kula. Zilikuja zikiwa na joto, na ziliachana zenyewe katikati bila kisu. Kando yake kulikuwa na jemu ya stroberi na yale malai ya Devon, ambayo hupatikana kwa kupasha maziwa taratibu kwa saa nyingi mpaka mafuta yapande juu na kuganda kwa ngozi ya manjano. Watu wa Devon hutanguliza malai na kuweka jemu juu yake, na majirani zao wa Cornwall hufanya kinyume, na wanabishana juu ya hilo kwa dhati kabisa. Mama hakuhitaji kuelezwa. Aliichokoa ile ngozi kwa ncha ya kijiko, akailamba, akasema huu ni utando wa maziwa, ule ambao wajukuu zake wa Tanga huugombania sufuriani. Alikula nusu skoni, akaiweka chini. Kitafunio bila chai moto humkwama kooni, na aliona haya kuomba maji ya kunywa kwa mtu yule. Kumwona mkwe wako akiitazama skoni anayoitaka na asiyoweza kuimeza ni jambo ambalo pauni 64 hazitakiwi kulinunua.

Nikasimama. Nikamwambia Mama twende tukale chakula cha maana chini.

Pabuni hakuna mhudumu anayekuja mezani. Unakumbuka namba ya meza yako, unakwenda kaunta, unaagiza na kulipa kabisa. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliwahi kukaa karibu saa nzima nikisubiri mtu aje. Jiko lilikuwa linakaribia kufungwa. Rosti ya Jumapili ilikuwa imekwisha, na si kitu, maana rosti yao hailingani kabisa na ile ya kwetu yenye mchuzi mzito. Ni nyama iliyookwa ikakatwa mapande, pamoja na viazi na kitu kinachoitwa pudini ya Yorkshire ambacho si kitamu kama pudini wala hakiliwi mwisho. Niliagiza samaki wa kukaanga na chipsi.

Kijana wa kaunta, ambaye naamini hakufika miaka ishirini na miwili, alisita kabla ya kubonyeza mashine. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kwamba unga wanaomvisha samaki hukorogwa kwa bia, na kwamba chipsi hukaangwa katika mafuta yale yale, kwa hiyo kama hilo ni tatizo kwetu mpishi anaweza kumwoka samaki mwingine kwa siagi na limau na kututilia viazi vya kuchemsha. Sikuwa nimemwuliza. Wala hakumtolea Mama macho. Samaki alipofika alikuwa bapa kama sinia, macho yote mawili yakiwa upande mmoja, na Mama akamtambua papo hapo. "Gayogayo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na jirani ugenini, akamla mpaka ikabaki miiba mitupu.

Baadaye nikaenda kumwuliza yule kijana kama naweza kupata chai. Alishusha sauti. Alisema hawezi kuniuzia ile ya kutoka kwenye mashine kwa sababu imeharibika muda mrefu na wafanyakazi wote wanajua, lakini ndani wana birika la umeme la kwao. Akatuletea vikombe viwili vikubwa vya udongo, kimoja kimemeguka ukingoni, moshi ukipanda, chai imekolea mpaka ina rangi ya kutu. Mama alitaka kukishika akauondoa mkono haraka. Alicheka. Akatoa iliki mkobani, akaipasua kwa meno, akaitumbukiza, akanywa kimya kimya mpaka chini. Kijana alikataa kupokea malipo.

Kwa muda wa robo saa nilikuwa nimewasamehe wote. Kisha lile neno likanirudia: wafanyakazi wote wanajua. Maana yake yule mwenye tai naye alijua. Alijua mashine ni mbovu, na badala ya kusema samahani akaona ni rahisi zaidi kumfanya mama wa watu mshamba. Nilikuwa nimefikiri kwamba ni mjinga, na ujinga unavumilika.

Kwenye bili ya juu walikuwa wameongeza asilimia 12.5 ya huduma, yaani pauni 8 juu ya zile 64. Malipo hayo ni ya hiari na mteja anaweza kuomba yaondolewe, na nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Lakini tangu Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri awagawie wafanyakazi bakshishi yote bila kuikata, tena kwa haki, na nikajiuliza kama sehemu yake isingemfikia yule kijana wa chini. Nikalipa zote 72 huku nimekunja uso, na nikamwachia kijana noti ya tano chini ya kikombe kilichomeguka.

Ningepaswa kuishia hapo kwa kuwaambia msiende. Nilikuwa nimeshaandika hivyo. Lakini juzi meneja alijibu malalamiko yangu, akaomba radhi kwa urefu, akasema mashine imebadilishwa, na akatualika tena watu wawili bila malipo. Mimi nilikataa palepale. Mama aliposikia, akaniuliza ni nani aliyenituma nikatae malai.

Basi nimemwandikia meneja upya kwamba tutakuja, kwa sharti kwamba tuketi chini pabuni, kinara kishushwe huko, na chai itoke kwenye birika la wafanyakazi. Hajajibu bado. Mama ameshafunga iliki nne kwenye pindo la kanga.