Mashine safi, mizani ya hovyo, na yule kaka wa kaunta

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mnisamehe mapema. Mizani ya kupimia baruti niliyouziwa ni takataka.

Sisi tuko Minnesota, na huku Novemba ikikaribia hakuna stori nyingine kazini ila kulungu. Nilianza kuwinda kwa kuvutwa na wenzangu, kijana wangu akapenda kulenga shabaha, na hapo ndipo risasi za dukani zilipoanza kunila mshahara. Mzee mmoja jirani akaniambia niokote maganda yangu nijaze mwenyewe nyumbani. Nilidhani ananitania. Kwetu Singida ukikutwa unatengeneza risasi nyumbani, maelezo yako utayatolea kituoni. Kumbe huku kujaza za kutumia mwenyewe hakutaki leseni. Leseni inatakiwa ukianza kuziuza.

Mashine yenyewe, ile ya kufunga mezani na kuvuta kwa mkono, ganda moja moja, sina neno baya juu yake. Chuma kizito, haiyumbi. Binti yangu anamwaga maganda kwenye ungo (ndiyo, tulisafiri nao) anayachambua kama mchele: lenye ufa shingoni kando, lililobonyea kando. Kaka yake anavaa miwani yake anapachika fataki, kile kidude kidogo cha kwenye kitako cha ganda kinachowasha baruti. Mama yao kaweka sheria: hakuna kula kwenye ile meza, na kila mtu ananawa kwa sabuni, maana ile metali ya risasi ni sumu. Jioni kama hizo simu zao zinakaa kimya bila kugombana. Kwa hilo tu ningetoa nyota tano nikalale.

Sasa njoo kwenye mizani. Baruti hupimwa kwa greni, na greni ni kitu kidogo mno, 7,000 ndiyo paundi moja. Ukizidisha, bunduki inaweza kukupasukia usoni. Ukipunja sana, kichwa cha risasi kinakwama ndani ya mtutu, nawe hujui, unapiga nyingine nyuma yake. Hii mizani ya kidijitali ilikuwa inatembea! Unaweka lile jiwe lake la kupimia, inasoma sawa. Unajaza kumi, unaliweka tena, imeshaongeza nusu greni kimyakimya. Aliyegundua ni kijana. "Baba, jiwe limenenepa." Tukacheka. Halafu tukaacha kucheka, kwa sababu tulikuwa tumeshajaza sitini na hatukujua ipi ina baruti kiasi gani.

Sitini zote tulizing'oa kwa ile nyundo ya plastiki inayoshikilia risasi ndani yake, gonga, gonga, mpaka kichwa kitoke na baruti imwagike. Jioni mbili. Mke wangu akauliza kama huo ndio ule unafuu niliomwahidi.

Nikarudi dukani. Kijana wa kaunta, hata kifurushi hakukifungua, akaniuliza taratibu kama anaongea na mtoto: "Nyinyi watu kwenu mnasoma maelekezo lakini?" Nyinyi watu! Nimesoma maelekezo mara tatu, bwana mdogo, tena kwa lugha ambayo kwangu ni ya tatu. Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Akasema taa za mirija, feni na baridi ya chumba cha chini huichanganya mizani, akarudishia boksi kwenye mfuko, akamwita mteja anayefuata. Pesa yangu hakunirudishia.

Na hapa panaponiuma zaidi: hakukosea sana. Nilipozima ile taa na kuihamisha mbali na tundu la hita, mizani ilitulia. Siyo kabisa, lakini ilitulia. Kwa hiyo nyota moja niliyokusudia labda ni mbili. Hapana, moja. Kifaa kinachoweza kumpasulia mwanangu bunduki hakitakiwi kuogopa taa. Jirani kanipa mizani yake ya zamani ya mkono, haina betri, haina kioo, na tangu hapo haijanidanganya.

Unafuu? Nitasema ukweli wangu. Risasi moja moja inatoka kwa bei ndogo, lakini tunapiga mara mbili ya zamani, kwa hiyo pesa ni ileile. Na fataki ndizo mnyonyaji. Zama za korona rafu zilikuwa tupu, bei ikapaa, na ukiagiza mtandaoni unakatwa ada ya kusafirisha vitu vya hatari hata kama umeagiza kiboksi kimoja.

Nilikuwa nimeapa kutokanyaga tena duka lile. Lakini fataki za bunduki yetu zimebaki arobaini, na mke wangu kapita pale juzi kaziona kwenye kaunta. Jumamosi nitakwenda. Nikimkuta yule kaka, sitamsalimia.