Etymonline kwa mfasiri: tuipime kwa neno "nice"

Mfasiri akikuta "a nice distinction" ndani ya hukumu ya mahakama, akaandika "tofauti nzuri", ameshapotosha hoja. Linalosemwa hapo ni tofauti ndogo mno, ya kuonwa kwa jicho kali. Kamusi ya mfukoni inayoishia kwenye "-zuri" haitamsaidia. Etymonline, kamusi ya mtandaoni ya asili za maneno ya Kiingereza iliyotungwa na Mmarekani Douglas Harper, itamsaidia, tena bure.

Andika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha fungua kitomeo (sehemu ya kamusi inayoeleza neno moja) chenye alama ya adj., yaani kivumishi, maana mji wa Nice wa Ufaransa nao una kitomeo chake. Utakuta Kilatini nescius, "asiyejua": ne- ya kukanusha na scire, "kujua". Neno likapita Kifaransa cha kale, likaingia Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1200 likimaanisha mpumbavu. Karne moja baadaye likawa la mtu mchaguzi, asiyeridhika upesi. Miaka ya 1500 likashika maana ya usahihi na umakini, na hiyo ndiyo iliyobaki katika mfano wetu wa mahakamani. "La kupendeza" limekuja 1769. "Mwema, mwenye kujali" 1830. Maana tunayofundishwa kwanza darasani ni miongoni mwa zile changa kabisa!

Wengi hukwama kwenye vifupisho. "Late 14c." ni mwishoni mwa karne ya 14, kwa hiyo ni miaka ya 1300, si ya 1400. Herufi c. ikitangulia mwaka, soma "karibu na". Mwaka wenyewe ni wa maandishi ya kwanza yanayojulikana. Watu huenda walikuwa wakilitamka neno zamani kabla ya hapo. Na ukiona kinyota mbele ya mzizi, kama *skei-, "kukata", unaohusishwa na scire, ujue mzizi huo umekisiwa na wanaisimu kwa kulinganisha lugha. Hakuna andiko lolote lililouhifadhi.

Upungufu wake mkubwa ni mifano. Sentensi za waandishi wa kale ni chache, hivyo huwezi kupima maana ndani ya muktadha. Kazi hiyo inafanywa vizuri zaidi na Oxford English Dictionary, inayopanga nukuu kwa miaka chini ya kila maana, ila sehemu kubwa yake inahitaji malipo. Etymonline pia isitumike kuamua neno lina maana gani leo. Anayeshikilia kwamba "nice" ni tusi kwa sababu ya nescius ameisoma vibaya.

Kwa mwanafunzi wa tafsiri, naiweka mbele ya kamusi nyingine zote za bure za aina hii. Anayeanza atafute kwanza "safari": kitomeo kinalitaja kuwa la Kiswahili, kisha kinaliandama hadi Kiarabu. Ukisoma kitomeo cha neno unalolijua tangu utotoni, vifupisho vyake vinazoeleka haraka.