Miaka minne ya AF, shoti mbili za moyo: uzoefu wangu na kadiovesheni

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambae keshakaa na AF miaka, yaani fibrilesheni ya atria, vyumba vya juu vya moyo kutetemeka ovyo na mdundo kuharibika, halafu leo daktari kamwambia tujaribu kadiovesheni, yaani shoti ya umeme ya kurudisha mdundo. Mi nilipokuwa natafuta habari nilikuta za wale walioanza juzi tu, kapigwa shoti moja kaenda nyumbani mzima. Mimi nilikuwa nayo miaka minne mfululizo, haijawahi kukatika hata siku moja, ukiweka kiganja kifuani unasikia kama samaki anarukaruka kwenye mfuko.

Swali ni kama kadiovesheni inaweza kurudisha mdundo baada ya miaka yote hiyo. Jibu langu ni kwamba ndio, inarudisha. Mimi imenirudishia mara mbili. Shughuli iko kwenye kubaki.

Kwanza maandalizi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Ni wiki tatu za dawa ya kuzuia damu kuganda bila kuruka dozi hata moja, maana vyumba vya juu vya moyo vikitetemeka tu badala ya kukaza, damu inatuama, hasa kwenye kile kijimfuko cha upande wa kushoto, na ikituama inaganda. Sasa ukirudisha mdundo ghafla kile chumba kinaanza kusukuma tena, donge linachomoka linapanda kichwani, umepata kiharusi siku uliyoenda kutibiwa. Mimi nilisahau dozi mbili ndani ya ile wiki ya tatu. Nilitamani sana kunyamaza, nilikuwa nshajiandaa, nimekaa njaa tangu usiku, lakini nikasema. Siku ile hawakunigusa, nikarudi nyumbani kuanza kuhesabu upya. Kuna njia nyingine ya kukuingizia ule mpira wa ultrasaundi kooni waangalie kama donge lipo, ila siku hiyo haikuwezekana. Nililia kwenye gari, kweli, ila saivi nashukuru nilisema.

Siku yenyewe ni fupi mno. Wanakupima damu kuona potasiamu iko sawa, wanakunyoa kifua, wanabandika pedi mbili kubwa, mimi moja mbele moja mgongoni, dawa ya usingizi kwenye mshipa, hujui tena kitu. Mashine haipigi tu hovyo, inasoma mapigo yako na kutoa umeme sambamba na kilele cha pigo, kwasababu ukiingia wakati mbaya vyumba vya chini navyo vinaweza kuanza kutetemeka na hiyo inaua. Shoti ya kwanza haikushika, wakapandisha nguvu ya umeme mpaka juli 200, ikashika. Maumivu sikusikia kabisa.

Nilipozinduka kitu cha kwanza nilikamata mkono wangu. Ko. Ko. Ko. Kama mtu mstaarabu anabisha hodi. Nesi akanionyesha karatasi ya ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, akaweka kidole kwenye kale kamlima kadogo kanakotangulia kila pigo, akasema mzee kameonekana. Miaka minne sijakaona.

Wiki zilizofuata ndo zilinifungua macho. Nilipanda ngazi mpaka juu nikiwa naongea. Mchana silali tena. Nina miaka 67 na kila kitu nilikuwa nasema ni umri, pumzi umri, miguu mizito umri, kumbe sehemu kubwa ilikuwa ni moyo. Hata isingefanya kingine chochote hiyo kadiovesheni, kunionyesha hilo tu inatosha.

Siku ya 38 ikarudi. Nilikuwa nafunga kamba za kiatu nikahisi yule samaki.

Daktari wangu wa sasa alinieleza kwa utaratibu. AF ikikaa inajitengenezea makao: chumba kinapanuka, kinaota makovu, umeme unapotea njia. Kuna watafiti wa Uholanzi mwaka 1995 walionyesha hilo kwa mbuzi, walipoanza kuwachochea AF ilikuwa inakatika yenyewe ndani ya sekunde chache, walivyoendelea kuirudisha kila ikikatika ikafika mahali inakaa zaidi ya masaa 24. Chumba changu cha juu kushoto kilikuwa kimeshapanuka, kwaiyo kupigwa shoti bila kitu cha kushikilia ndo hivyo.

Mara ya pili tukaanza na amiodaroni, dawa ya kushikilia mdundo, wiki kadhaa kabla, halafu shoti, moja tu ikashika. Nilipata miezi saba. Miezi saba mizuri sana jamani. Ila hiyo dawa si ya kuichukulia kirahisi, lazima wakupime thairoidi, ile tezi ya shingoni, na ini, mapafu waangalie, na jua linakuunguza haraka. Mwezi wa tano thairoidi yangu ikaanza kulegea, wakapunguza dozi, na baadae AF ikarudi.

Kinachoniuma ni ule mwaka wa kwanza. Daktari niliyeanza nae aliniambia mzee utazoea, nikazoea kweli. Utafiti mkubwa wa AFFIRM wa 2002, watu zaidi ya 4,000, ulionyesha kuhangaika na mdundo hakukuongeza maisha kuliko kupunguza tu kasi ya moyo, kwaiyo naelewa kwanini wengi hawakimbilii shoti. Lakini utafiti mwingine, EAST wa 2020, ulichukua watu ndani ya mwaka mmoja wa kugundulika, na waliorudishiwa mdundo mapema walipata kiharusi na matatizo mengine ya moyo kidogo kuliko wenzao. Kama wewe bado uko ndani ya mwaka, uliza leo, usisubiri kuzoea kama mimi.

Na tafadhali usiache dawa ya damu eti kwasababu mdundo umerudi. Baada ya shoti chumba kinakuwa bado kimezubaa, hakijaanza kukaza vizuri hata kama ECG ni safi, ndo maana wanasisitiza angalau wiki nne. Mimi kwa umri na presha naendelea nayo moja kwa moja, mdundo uwe sawa usiwe sawa.

Saivi niko kwenye AF tena. Ile miezi saba ndo imefanya daktari akubali kunipeleka ablesheni, yaani kuchoma sehemu ndogo ndani ya moyo kuzuia ule umeme wa ovyo, kasema kama najisikia vizuri mdundo ukiwa sawa basi kuna kitu cha kupigania, na kanionya kabisa kwa AF ya muda mrefu wengine inabidi warudie. Nimekubali, dawa ya damu sijaruka hata siku moja tangu siku ile.

Na ngozi, nilisahau: pedi zinaacha alama nyekundu za mraba, inawasha siku mbili tatu. Ya mgongoni ndo mbaya zaidi, mke wangu alikuwa ananipaka krimu, peke yako hufiki.