Injini ya rota mbili kwenye ndege ya kujiundia: tathmini kutoka Nakuru

Injini ninayoitathmini ni ya Mazda RX-8, aina ya 13B yenye rota mbili (vipande vya pembetatu vinavyozunguka badala ya pistoni kupanda na kushuka), iliyong'olewa kwenye gari na kufungwa kwenye ndege ya viti viwili tunayoiunda nje kidogo ya mji wa Nakuru. Majaribio yote yamefanyika ardhini, ndege ikiwa imefungwa kwa nyaya za chuma, kwa kuwa bado hatujapata kibali cha kuirusha.

Kwa anayetafuta nguvu nyingi katika umbo dogo, injini hii inavutia mno. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,308 tu, haina pistoni wala vali, na kila rota ina plagi mbili zinazojitegemea, hivyo moja ikikataa, nyingine huendelea kuwasha. Petroli ya super ya kituo chochote inaitosha. Taabu iko kwenye kuinunua: utengenezaji wa RX-8 ulikoma 2012, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyozidi miaka 8, kinachopatikana leo ni injini za magari yaliyokwisha kuvunjwa. Usikubali kupimiwa kompresheni, yaani msukumo wa hewa inayobanwa ndani ya injini, kwa geji ya kawaida, kwa sababu rota ina nyuso tatu, na geji hiyo hushika msukumo wa uso ulio mzima na kuuficha uliochoka. Makanika wetu alitoa kivali cha geji, akaizungusha injini kwa stata, akatazama sindano ikirukaruka. Mapigo matatu yakilingana, lipa. Moja likilegea, kuna sili ya rota iliyokwisha.

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na siku ya joto injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza karibu moja kwa tano ya nguvu zake. Wapo wanaodhani kuihamishia Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, kutamaliza tatizo, lakini hata huko injini bado hupungukiwa nguvu, na joto la ziwani hula sehemu ya faida hiyo.

Hata hivyo, kilichotusumbua zaidi si nguvu bali oili. Katika injini hii oili hubeba sehemu kubwa ya joto, takriban theluthi moja, nayo rejeta ya maji hufanya kazi iliyosalia. Tulikusudia oili isipite nyuzi 100, lakini kila tulipoongeza kasi ya injini, sindano ilipanda hadi hapo na haikutaka kutulia. Dawa ilikuwa njia ya hewa: fundi wa jua kali alitukunjia bati la alumini lenye mdomo mwembamba unaopanuka taratibu kuelekea rejeta ya oili, ili hewa ipunguze kasi na kuongeza msukumo kabla ya kupenya mapezi. Sindano ikatulia. Ikumbukwe pia kwamba rafadha (propela) haipulizi sana karibu na kitovu chake, kwa hiyo jaribio la ardhini ni gumu zaidi kwa upoaji kuliko safari yenyewe.

Giaboksi haiepukiki. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, rafadha ya mita 1.8 iliyofungwa moja kwa moja kwenye shafti ingepitisha ncha zake kasi ya sauti. Kwa uwiano wa 2.17 kwa 1 inazunguka mara 2,765 hivi. Yetu iliagizwa ng'ambo na ni imara, ingawa ilifika bila karatasi ya vipimo vya kukazia bolti, jambo lisilosameheka kwa kifaa cha ndege.

Kelele ni kali, na moshi ni wa moto kiasi cha kuunguza matumbo ya sailensa ya kawaida, basi tengenezesha ya chuma cha pua. Ulaji wa mafuta nao unazidi wa injini ya pistoni yenye nguvu sawa, kwa hiyo mwenye kutaka safari ndefu za gharama nafuu atafute kwingine. Mwenye karakana, welda mzuri na subira, ninaipendekeza kwake, mradi anunue rejeta kubwa ya oili kabla ya injini yenyewe.