Fomu ya wazee, mwaka wa kuzaliwa unaishia 1950

Naandika hii bado nina hasira, mtanisamehe. Nina steshenari ndogo Tandika, na ukiacha fotokopi kazi yangu kubwa ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni, vyeti vya kuzaliwa vya RITA, mikopo ya HESLB, Ajira Portal, hizo zote nazijua nje ndani, kwa hiyo asije mtu hapa akasema nilikwama kwa sababu kompyuta siijui.

Kuna shirika moja, jina naliacha, wanatoa viti mwendo na miwani kwa wazee wasiojiweza. Zamani ulikuwa unaenda na barua ya serikali ya mtaa mnakaa mnaongea yanaisha. Sasa hivi kila kitu kimehamia kwenye websaiti yao, ofisini karatasi hawapokei tena. Sawa, sina tatizo na hilo, mimi mwenyewe nakula kwa sababu ya mambo hayo hayo.

Akaja bibi mmoja wa mtaani kwetu, kaletwa na mjukuu wake kwa bajaji maana miguu haimbebi. Tukaanza. Jina, sawa. Kata, sawa. Imeili, hapo nikaanza kukunja uso, bibi ana kiswaswadu cha tochi imeili ataitoa wapi, nikaweka ya kwangu kama ninavyowawekea wengine wote, yaani majibu ya wazee wa nusu mtaa yanaingia kwangu na siku nikipotelewa na simu hii wamepotea wote. Halafu tukafika mwaka wa kuzaliwa.

Huandiki, unachagua. Orodha inaanzia mwaka huu tulionao, unashuka, 2020, 2010, 2000, unashuka mpaka kidole kinachoka, 1970, 1960, 1950, basi. Imeisha. Bibi kazaliwa 1943.

Jamani fomu hii ni ya wazee! Juu kabisa wameandika wenyewe kwamba ni ya miaka 60 na kuendelea. Sasa 2015 imewekwa ya nini, kuna mzee wa 2015? Miaka yote ile ukiondoa isiyohusika inabaki kama 15 hivi ya maana, na wazee wenyewe hasa, wale waliochoka kabisa, ndio hawamo. Bibi huyu Tanganyika inapata uhuru yeye ana miaka 18, ananisimulia walivyokesha, halafu mimi nahangaika kumtafutia mwaka.

Bibi akaniambia kwa upole, "Weka tu huo wa mwisho mwanangu, tusigombane na watu." Nikaweka 1950. Mfumo ukakataa, maandishi mekundu, taarifa hazilingani. Kwa nini? Kwa sababu fomu inataka pia namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, nayo ina tarakimu 20 na zile 8 za mwanzo ndio tarehe yako ya kuzaliwa, ya bibi inaanza na 1943, na mfumo umeisoma vizuri tu. Hebu fikiria, mfumo unajua bibi kazaliwa 1943, umeuona mwaka huo kwenye namba yake, una akili ya kumkatalia ila hauna akili ya kuujaza wenyewe. Hapo ndipo nilipopandisha. Kama namba unayo, tarehe unaniuliza ya nini?

Nikapiga simu. Nilikaa muda mrefu nasikiliza muziki, vocha ni yangu, akapokea dada mmoja. Nikamweleza taratibu. Akanijibu, "Kaka, kama mwaka wake haupo basi hajakidhi vigezo." Nikamwambia dada yangu, vigezo ni 60 kuendelea, huyu kavuka 80. Akasema mfumo ndio unaoamua, sio yeye, na kuna watu wengine wanasubiri laini. Akakata. Simu nilikuwa nimeweka spika, bibi kasikia yote. Hakusema kitu, alianza tu kukusanya vikaratasi vyake kuvirudisha kwenye mfuko wa rambo.

Narudi kwenye skrini nijaribu njia nyingine, fomu imejifuta yote, eti muda umekwisha. Tunaanza upya. Na kwenye kuanza upya kuna ule ukurasa wa magonjwa, bibi hasikii vizuri, inabidi nipaze sauti, "Bibi, una tatizo la kuzuia mkojo?" na foleni ya watu wa fotokopi imenyamaza inatusikiliza. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini aliyepanga fomu nadhani alimuwaza mtu yuko peke yake chumbani na laptopu yake. Wazee wetu hawajazi hivyo. Wanajaziwa, na mjukuu, na mimi, mbele za watu. Kitu kama hicho muulize siku anapokuja kupimwa, akiwa na nesi.

Halafu sio kazi ngumu, hicho ndicho kinachoniuma. Wangewaita wazee watano tu, wakawakalisha, wakawaangalia wakijaziwa, wasiwasaidie, wangeliona tatizo la mwaka kabla chai haijapoa. Acha mtu aandike mwaka mwenyewe kwa namba. Ifanye fomu itunze ulichojaza, umeme ukikatika uendelee ulipoishia. Weka menyu ya nyota na reli kwa wenye kiswaswadu, au hata namba moja ya simu yenye mtu mwenye ruhusa ya kumwingiza mzee pale mfumo unapokataa. Kwenye maoni haya nilitaka kuwapa nyota moja, na hiyo moja kwa sababu haishuki chini ya hapo.

Sasa ngoja niseme na hili, haki ni haki. Websaiti hiyo hiyo ina ukurasa wa kutafuta afisa ustawi wa jamii, unachagua kata yako unaletewa namba ya simu, inafunguka fasta hata bando likiwa limebaki kidogo. Nikapiga, yule mama akapokea mlio wa pili, wiki hiyo hiyo akaja mpaka nyumbani kwa bibi, akapiga picha, akasema atawaandikia. Na majuzi nimeingia tena kwenye fomu, orodha imeongezwa! Nilipiga kelele dukani. Bibi tumemjaza, imepita, namba ya ombi nimeiandika kwenye daftari langu. Nikasema basi hawa watu wanasikia, nawapa nyota tatu, hata nne.

Ila nikashuka mpaka chini nione inaishia wapi. Wameweka mpaka 1940. Na hapo nje kwenye benchi alikuwa amekaa babu wa 1937, amesikia habari za bibi, kaja na barua yake ya mtaa mkononi. Nyota mbili. Nimempigia tena yule mama wa ustawi, kasema Jumatatu nimpeleke kwake.