Samatta au Msuva: kijana wa Dodoma afuate njia ya nani?

Kijiweni, jirani na Uwanja wa Jamhuri, kahawa haijapoa na ubishi umeshapamba moto: kijana wa soka amfuate Mbwana Samatta au Simon Msuva?

Samatta aliondoka Simba mapema, 2011, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo. Akapikwa huko mpaka akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, ndipo Genk ya Ubelgiji wakamchukua Januari 2016. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 katika ligi ya Ubelgiji. Halafu Novemba 2019, pale Anfield, uwanja wa Liverpool: kona, akapaa kati ya mabeki, kichwa, wavuni! Januari 2020 akatua Aston Villa ya Uingereza.

Msuva alivuma Yanga, akaenda Difaa El Jadida ya Morocco 2017, baadaye Wydad. Mbio anazo, na (hili tunalisahau sana) jezi ya Taifa Stars inamkubali. Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2019, dhidi ya Kenya, alitangulia kufunga yeye, Samatta akafuata, ingawa tulilala 3-2.

Mimi nabaki na Samatta. Si kwa ajili ya Uingereza, ni kwa ile miaka ya Lubumbashi, kukubali kuiva taratibu.

“Haya, wanangu,” akasema mzee wa kahawa, “na vikombe vyangu analipa Msuva?”