Usiku wa John Cena kibandani Magomeni: buku mbili imeenda kihalali

Nianze na bei, maana ndiyo iliyozua maneno mtaani. Kibanda kile kile cha Magomeni, hapa Mtwara mjini, ambacho siku zote unaingia kwa jero, iwe mpira iwe muvi, kilitaka buku mbili kwa ajili ya John Cena, yule mpiga mieleka wa Marekani. Wapo waliogeuzia mlangoni wakisema jamaa kaona watu wameshika hela za korosho ndiyo maana kapandisha. Mimi nilitoa, na sijutii hata senti.

Kwa ambao hawakuelewa tangazo, ubao wa nje uliandikwa kwa chaki: CENA MWANZO MWISHO. Pambano lake la kuaga lilipigwa Washington tarehe 13 Desemba 2025, lakini kwa saa zetu ilishakuwa alfajiri ya kuamkia Jumapili, saa ambayo mtu mwenye akili yuko kitandani au anajiandaa na swala. Mwenye kibanda akasubiri, akakusanya mapambano ya zamani, akayapanga toka la kwanza mpaka hilo la mwisho, akatuwekea usiku mmoja. Hapo ndipo nampa maksi zake. Angeweza kutubandikia ushindi mtupu, mikanda na mafataki, watoto wakapiga kelele, tukaenda kulala. Huyu kijana kaweka na vipigo.

Kaanza na tarehe 27 Juni 2002. Kurt Angle yuko ulingoni anatamba, anatafuta wa kupigana naye, anatokea kijana nywele fupi, kaptula ya kubana, hakuna anayemjua. Ni Cena. Anapigana vizuri, anashindwa. Halafu kule nyuma ya ukumbi Undertaker, mkongwe wa mieleka, anampa mkono. Watu wengi huwa wanaruka kipande hicho cha mkono, wanadhani hakina kazi. Huku kwetu Undertaker ni mtu mwenye roho saba, ukibisha muulize mtoto yeyote aliyekua na mikanda ya VHS. Akikupa mkono yeye, umeshaingizwa kundini.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo mniwie radhi kama naangalia nguo kabla ya ngumi. Ile kaptula ya mwanzo haikuwa yake. Cena akawa Cena alipovaa jinzi iliyokatwa chini ya goti, kofia, na fulana yenye rangi inayowaka. Vijana walioniletea jinzi nzima za baba zao nizikate "kisina" siwezi kuwahesabu. Halafu Cena anapitisha kiganja mbele ya uso, huwezi kuniona, na mtaa mzima unapitisha kiganja. Hata wimbo wa kuingilia, wenye tarumbeta zile, kaimba mwenyewe. Mwaka 2005, tarehe 3 Aprili, kule Los Angeles, akamwangusha bingwa JBL akachukua ubingwa wa kwanza wa dunia, na baadaye akatengeneza mkanda ambao sahani yake ya katikati inazunguka. Kibandani watu walicheka walipouona tena. Wakati ule tuliuona ni kitu cha maana sana.

Sasa mtafsiri. Ni mwenye kibanda mwenyewe, na maikrofoni inayokwaruza. Kwake dunia ina watu wawili tu, steringi na adui, na steringi hafi. Kwenye Royal Rumble ya Januari 2008, pambano la watu 30 wanaoingia mmoja mmoja, mtafsiri alikuwa kwenye kilele chake. Cena alikuwa amechanika msuli wa kifua miezi michache nyuma, kila mtu anajua hayupo, halafu namba 30, ya mwisho kabisa, tarumbeta zinalia. Mtafsiri akapiga yowe mpaka spika ikazimika. Sikumlaumu. Hata watu wa New York waliokuwa ukumbini siku ile walipiga yowe hilo hilo, na wao wengine walikuwa hawampendi.

Maana hilo nalo lisemwe: Cena hakupendwa na wote. Watoto na wanawake upande mmoja wanaimba kumsifu, wanaume wazima upande wa pili wanajibu kwamba hana lolote, na wimbo unapokezana hivyo pambano zima. Kibanda chetu kiligawanyika vivyo hivyo. Benchi la nyuma kulikuwa na mzee mmoja, kuli mstaafu wa bandarini, kila Cena akimbeba mtu begani kama gunia la korosho ili ambwage, yeye anasema, "Hiyo imepangwa." Mzee wangu, tunajua imepangwa. Na ngoma ya sindimba imepangwa, mbona ukiiona unasimama? Kilichopangwa ni nani atashinda. Msuli ukichanika umechanika kweli.

Kipande kilichonikaa zaidi ni cha Agosti 2014, onyesho la SummerSlam, Cena na Brock Lesnar. Lesnar alikuwa ametoka kuvunja rekodi ya Undertaker Aprili ya mwaka huo huo, ushindi 21 wa mfululizo kwenye WrestleMania, onyesho kubwa la mieleka la kila mwaka, ukaishia hapo. Akamgeukia Cena. Anamkumbatia kwa nyuma, anambinua, kisogo na mabega chini. Anamwinua, anambinua tena. Mara 16. Mtafsiri alijitahidi mwanzoni, "steringi anajipanga, steringi anajipanga," kufika katikati akanyamaza akawa anahesabu tu na sisi. Nilimtazama Cena anavyoanguka. Bingwa, mwenye jina kuliko wote, anakubali kufanywa mbovu kiasi kile mbele ya watu ili mwenzake aonekane jitu. Kwenye kazi yoyote nimeona wachache wa namna hiyo. Mafundi wakubwa wengi hawawezi hata kumwachia mwanafunzi akate kitambaa cha mteja.

Miaka mingi ya katikati imepitishwa mbio, na sawa tu. The Rock mara mbili, 2012 akapigwa, 2013 akalipa. Ubingwa wa 16 mwaka 2017 kwa AJ Styles, hilo ningependa liwekwe lote, ni pambano zuri kuliko mengi yaliyoonyeshwa. Aprili 2018 Undertaker kampiga kwa muda usiofika dakika tatu. Waliokuwa wametoka kununua soda walirudi limekwisha.

Halafu ikaja Toronto, tarehe 1 Machi 2025. Bingwa Cody Rhodes amesimama ulingoni kamkatalia The Rock kuwa mtu wake, Cena anamkumbatia, unaona kabisa ni kumbatio la ndugu. The Rock anapitisha kidole shingoni, ishara kwa Cena. Cena anampiga Cody sehemu mbaya. Mtoto aliyekaa mbele yangu akageuka, "Shangazi, Sina kawa adui?" Nikamwambia amekuwa. "Mpaka lini?" Mpaka Agosti, ila nilimwachia aone mwenyewe. Kwa uadui huo huo alichukua ubingwa wa 17 kule Las Vegas mwezi wa Aprili, akapita rekodi ya mkongwe Ric Flair. Maoni yangu ni kwamba uadui haukumkaa. Hakubadilisha hata jinzi! Adui gani anavaa nguo zile zile za mtu mwema? Alipoupoteza mkanda kwa Cody mwezi wa nane nilishukuru tukarudi kwenye mambo yetu.

La mwisho kabisa, lile la kuaga, alipigana na Gunther. Hapa namlaumu mtafsiri. Gunther kampiga roba kutoka nyuma, Cena anachomoka, anapigwa tena roba, zaidi ya miaka 20 mtu huyu hajagonga mkono kuomba basi, maneno yake ya kwenye fulana na taulo siku zote ni usikate tamaa. Halafu anatabasamu. Anagonga. Wakati huo mtafsiri anatutangazia mechi ya kesho ya ligi ya Uingereza na bei yake! Watu wakampigia miluzi, akazima maikrofoni, lakini ile sekunde ilishapita. Ilibidi tumlazimishe arudishe nyuma. Aliirudisha, hilo nalo niliseme. Mzee wa bandarini hakusema imepangwa.

Pungufu jingine: hakuna mahali popote palipotajwa wale watoto wagonjwa. Cena ametimiza zaidi ya matakwa 650 ya watoto wenye maradhi mazito kupitia shirika la Make-A-Wish, rekodi ya dunia, na kwa wengi wetu hilo linasimama sawa na mikanda. Kipande cha dakika mbili kingetosha.

Mambo ya ukumbi. Joto la Desemba mnalijua, na mapangaboi ni mawili, moja la mapambo. Choo ni cha jirani, uombe kwa adabu. Korosho za mama wa mlangoni ziliungua upande mmoja, ila mihogo yake na pilipili ni ya kurudia. Kina mama msiogope, tulikuwa wengi na hakuna aliyetusumbua. Kaeni upande wa kulia, mwanga wa taa ya nje hauwapigi kwenye skrini. Benchi la tatu lina msumari. Nimeshona viraka vya watu wawili kwa ajili yake.

Ubao sasa hivi unasema usiku ujao ni wa Undertaker, kuanzia 1990. Bei haijaandikwa. Ikizidi buku mbili sitoi mpaka ule msumari upigwe nyundo.